Utando Kwenye Tundu la Ilimba

Ilimba ya babu, chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole, ilikuwa na matundu mawili kwa mbele, na kila tundu limezibwa kwa utando mweupe, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ni utando ambao buibui hufunikia mayai yake. Unautafuta kwenye kona za ukuta wa tembe, unaubandua taratibu kwa ukucha usije ukachanika, unapaka utomvu ukingoni mwa tundu, kisha unaubandika. Ukigusa chuma kimoja, utando unatikisika na sauti inatoka na mvumo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Babu hakupiga ilimba isiyovuma. Utando ukipasuka katikati ya wimbo, alisimama hapo hapo akanituma ukutani. Nilikuwa na miaka sita. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza katika muziki.

Kwetu ni Mpwapwa, nchi ya Wagogo. Mama alipiga muheme, ngoma ya wanawake inayobanwa mapajani, na mpaka leo nikitunga wimbo huanza na mikono yake kabla sijapata neno hata moja.

Mwaka 1988 nilipanda treni ya Reli ya Kati kwenda Dar es Salaam, ilimba ikiwa ndani ya kiroba. Haikutoka humo kwa muda mrefu, maana bendi zilitaka magitaa. Nilijifunza gitaa kwa kanda za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Yeye alikwishafariki mwaka 1979, lakini solo zake zilikuwa bado zinalia kila baa. Nilizungusha kanda kwa kalamu ili nirudie kipande kimoja mara ishirini, thelathini, mpaka vidole vikaota sugu. Mwingine aliyenijenga ni Remmy Ongala na bendi yake, Super Matimila. Aliimba kifo, umaskini, na ule wimbo wa “Mambo kwa Soksi” uliozungumzia kinga ya UKIMWI bila kumung'unya. Redioni haukupewa nafasi, na bado watu waliuimba. Nililishika hilo moyoni: kumbe wimbo una miguu yake.

Lakini gitaa lilinitesa. Kila nilipolipigia nyimbo za nyumbani, kulikuwa na noti moja iliyokataa kukaa. Wenzangu katika bendi walinisahihisha kwa upole, nami nikaamini kwamba sikio langu lina kasoro. Miaka saba niliishi na imani hiyo, na ninaihesabu kuwa miaka niliyoipoteza.

Aliyenifungua ni Hukwe Zawose, Mgogo mwenzangu, mwimbaji na mpiga ilimba. Mzee huyo aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, akaja kuishi na kufundisha Bagamoyo, na albamu yake ya Chibite ikatoka Uingereza mwaka 1996. Nilimsikia Bagamoyo kwenye tamasha, nimekaa mchangani, na katikati ya wimbo akaiimba ile noti yangu. Aliiimba kwa sauti kubwa, akairudia, ilimba ikamwitikia palepale alipo. Nililia mbele za watu.

Baadaye nilielewa kwa nini. Uzi mmoja ukitetema hutoa sauti nyingi kwa pamoja, moja juu ya nyingine, na Wagogo tulipanga muziki wetu kwa kuzisikiliza hizo. Ya saba katika mfululizo huo iko chini ya noti ya gitaa kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Ni kidogo sana, lakini aliyekulia ndani yake hawezi kuikosea. Wiki ile ile ya tamasha nilichukua koleo nikang'oa freti zote za gitaa langu, nikajaza nyufa kwa gundi ya mbao, nikalituni kwa kufuata ilimba ya babu.

Mwaka 2003 nilipata nafasi ya kurekodi kwenye studio moja ya jijini. Nilikuwa nimelipa nusu ya gharama. Siku ya tatu fundi mitambo akanivalisha spika za masikioni nisikilize kazi. Sauti yangu ilikuwa imenyooshwa kwa kompyuta, noti ya saba imepandishwa ikakaa kwenye mstari, na mvumo wa utando umefutwa. Aliuita kelele. Kazi ilikuwa safi, na babu hakuwemo. Nilimwomba aurudishe mvumo. Akasema hakuna redio itakayoupiga. Mkataba wa albamu tatu ulikuwa mezani. Niliuacha pale bila sahihi, nikafungasha vyombo vyangu. Mwisho wa mwaka huo huo Mzee Hukwe akafariki.

Tangu hapo narekodi mwenyewe, usiku, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magodoro. Zamani nilitumia mashine ya kaseti, sasa kompyuta. Nimeuza kanda na sidii mkononi, kwenye stendi za mabasi, Bagamoyo, na nje ya Ngome Kongwe kule Unguja siku za tamasha la Sauti za Busara. Muziki haukusomesha wanangu. Ekari moja ya zabibu Dodoma ndiyo iliyowasomesha. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo safari zangu zote za kuimba zimeipisha mivuno hiyo miwili. Sijawahi kuona uchungu kwa hilo. Shamba ndilo lililonipa uwezo wa kusema hapana.

Mwaka 2024 Pendo na Leah wa ukoo wa Zawose walitoa albamu yao, Maisha. Wanawake wako mbele, ilimba na zeze mikononi mwao, vyombo ambavyo utotoni mwangu vilikuwa vya wanaume. Niliisikiliza pamoja na binti yangu, naye usiku ule akaomba ilimba ya babu.

Utando ulikuwa umekwishapasuka. Nyumba yetu ni ya matofali na rangi, buibui hawakai. Binti akajaribu kipande cha mfuko wa nailoni. Kilivuma, lakini kwa ukavu. Akajaribu karatasi ya sigara, ikachanika. Jumamosi akapanda basi kwenda Mpwapwa, kwenye tembe la zamani ambalo sasa wanalala mbuzi. Alirudi jioni na kiberiti kisicho na njiti. Akakifungua chini ya taa, akapuliza vumbi kidogo kidogo, akaniuliza upande upi unaelekea juu.