"Nani amemuua?"



Hapa Mudzipela, kijana akifa, watu wengi hawaulizi kwanza, "Amekufa na ugonjwa gani?" Wanauliza, "Nani amemuua?" Hata vijana wetu wanaosoma biolojia shuleni, wakifika matangani wanauliza vile vile. Juu ya nini?

Kwa sababu sayansi inajibu swali moja, na moyo unauliza lingine. Munganga anapima damu, anaona malaria. Ni kweli. Lakini mama analia, "Mbu wanauma watoto wote wa kartie. Juu ya nini wangu?" Hapo kipimo kinanyamaza, na ulozi unajibu mbio. Mwingereza Evans-Pritchard aliandika jambo hili mwaka 1937 juu ya Wazande. Ghala likianguka, wao pia walijua kwamba mchwa walikula miti yake. Walichouliza ni hiki: kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale?

Je, sayansi inaunga mkono ulozi? Hapana. Sumu inaua, lakini sumu inapimika. Hakuna kipimo kilichoonyesha kwamba wivu wa jirani unaua.

Ninyi wa machimbo, mkumbuke Durba, karibu na Watsa. Kati ya 1998 na 2000 watu 154 waliugua homa ya kutokwa damu, na 128 walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa vijana wa kuchimba zahabu. Damu yao ikapimwa: ni kirusi cha Marburg. Maji yalipojaa katika shimo la Gorumbwa, ugonjwa ukaisha. Baadaye alama za kirusi kile zikaonekana ndani ya popo wa shimo lile.

Lakini katika Ituri yetu, upande wa Aru, mwezi wa 6 mwaka 2001, mamia ya watu waliuawa kwa kushitakiwa ulozi. Damu yao ingeponya nani?

Basi, mgonjwa apelekwe hospitali siku ya kwanza. Maombi yamfuate kule kule. Na kwenye matanga, mkumbuke rafiki za Ayubu. Walikaa naye kimya siku saba, wakafanya vizuri. Waliharibu walipofungua kinywa kutafuta mwenye kosa. Mama yule akikuuliza, "Juu ya nini wangu?", umwambie, "Mama, sijui," halafu ubaki naye. Usimtajie jina la jirani.