Rodi Kopany: Njia Panda Iliyo Juu ya Ziwa

Sisi wa pwani tumezoea kudhani kwamba hofu ya maji makuu ni fungu letu peke yetu. Safari ya Rodi Kopany, katika Kaunti ya Homa Bay, imetufunza vingine.

Mji huu ni njia panda. Msafiri aiachaye barabara kuu ya Kisii na Migori pale Rongo hufika hapa kabla ya kuteremkia Homa Bay. Na njia nyingine huchepuka kupitia Ndhiwa hadi Ghuba ya Karungu, upande wa Migori. Wapitao huona soko, matatu na bodaboda. Sisi tuliona jambo jingine: bara iliyoinuka, yenye barabara zinazoiunganisha na fuo mbili za Ziwa Victoria.

Jambo hilo si dogo. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi likaipita alama ya mwaka 1964, nalo likarudi kupanda 2024. Huko Nyatike, Mto Kuja uteremkao kutoka milima ya Kisii hufurika na kuwatoa watu majumbani. Na mwezi ule ule wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, vyombo vya kuvuka baina ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa. Ziwa na bahari, msiba ni mmoja.

Kukimbia maji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua utalala wapi. Mwaka 2024 shule za Kenya zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zilichelewa hadi 13 Mei, na baadhi zilikuwa zimehifadhi waliohama. Darasa likawa linadaiwa na wawili: mtoto wa kusoma na mama asiye na paa. Swali kama hilo halifai kuamuliwa usiku wa mvua, kwani aliye na nguvu ndiye atakayetangulia mlangoni, na mjane mwenye watoto atabaki barazani.

Kwa hiyo mgao wa hifadhi upangwe wakati wa kiangazi. Kila mtaa uandike kaya zake: wazee, wajawazito, wagonjwa, wenye ulemavu, na ijulikane ni nani atakayewabeba, kwa chombo gani na kwa njia ipi. Wanawake wawekewe vyumba vyenye milango ya kufungwa, na vyoo vya peke yao vyenye taa, visivyo mbali. Maji ya kunywa na ya kutawadha yawe na mtu wa kuyasimamia. Na katika kamati wawemo akina mama, kwa kuwa wao ndio wajuao nani ananyonyesha na nani anatumia dawa kila siku. Aliyekimbia asiulizwe dini yake wala kabila lake. Jirani ana haki yake.

Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Basi ndugu zetu wa Lamu, Kilifi, Tana na Kwale, kila familia na iulizane juma hili: Rodi Kopany yetu ni ipi? Ni mahali gani palipoinuka, penye njia isiyokatwa na maji, na mlango wake utafunguliwa na nani? Ijibiwe sasa, kabla ya masika kuingia.