Siku Sita Kayseri

Tuliufikia mji wa Kayseri alasiri moja mwishoni mwa Januari, tukiwa tumevaa kanzu ndani, koti la kuazima juu yake, na viatu ambavyo havikushonwa kwa ajili ya theluji. Mji huu uko katikati ya Uturuki, mbali na bahari, katika uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000. Kusini yake umesimama mlima Erciyes, wenye kimo cha mita 3,917. Zamani ulikuwa volkano, na mawe meusi ya nchi hiyo ndiyo yaliyojengewa ngome iliyo katikati ya mji. Sisi tuliozoea matumbawe na chokaa, weusi ule ndani ya weupe wa theluji ulitutia unyonge kidogo.

Hatukwenda kutalii. Tulikwenda kumtazama mpwa wetu, kijana wa miaka 16 anayesoma huko katika shule ya bweni, ambaye aliumia goti akicheza mpira.

Alikuja kutupokea uwanja wa ndege akitembelea mkongojo. Alitubusu mkono, kisha akauweka kwenye paji la uso wake kama wafanyavyo Waturuki kwa wakubwa wao, akasema, "Pole na safari, mjomba." Sisi ndio tuliovuka bara kumpa pole, naye akatutangulia.

Habari za goti lile tulizipata kwa vipande. Mwezi wa Oktoba, katika mechi ya shule, aligeuka ghafla na mpira, mguu ukabaki ardhini na mwili ukaenda upande mwingine. Hakuguswa na mtu. Alisikia mlio ndani ya goti, kama kijiti kinachovunjika, na kabla ya Isha goti lilikuwa limevimba likapotea umbo lake. Aliambiwa atie barafu na apumzike. Baada ya wiki tatu uvimbe ulipungua, akatembea, akadhani amepona, akarudi uwanjani. Hapo ndipo palipo mtego wa maradhi haya. Kano iliyo katikati ya goti, ile inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele, ikikatika haiungani yenyewe kama mfupa. Mtu hutembea vizuri tu kwenye njia iliyonyooka, lakini akijaribu kugeuka kwa kasi goti humtoka. Lilimtoka, na safari hii likaumiza na gegedu.

Muda wote huo, kila Ijumaa usiku, alizungumza na mama yake kwa video. Alikuwa akikaa kitandani, simu ameielekeza usoni, anacheka. "Mimi mzima, mama. Baridi tu."

Dada yetu ni mjane, na huyu ni mwanawe wa pekee wa kiume. Alijua ukweli siku alipoletewa karatasi ya kutia sahihi, kwani kijana wa umri ule hapasuliwi bila ya idhini ya mzazi. Alitupigia simu akiwa halii wala hasemi. Alituuliza neno moja tu: "Kwa nini amenificha?"

Swali hilo tulilibeba hadi Kayseri, na siku ya pili tulimuuliza mwenyewe. Tulikuwa mezani, mbele yetu sahani za mantı, vile vidonge vidogo vya unga vyenye nyama ndani, vinavyomiminiwa mtindi wenye kitunguu thomu, chakula ambacho watu wa mji ule wanajifaharisha nacho. (Mwenye kula samosa tangu utotoni hashangazwi na nyama ndani ya unga, ule mtindi ndio uliotusumbua.) Kijana aliinamisha kichwa, akajibu kwa adabu, "Mjomba, si ni wewe uliyenambia?"

Tulikumbuka. Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege wa Mombasa tulimshika bega mbele ya jamaa tukamwambia: wewe sasa ni mwanamume, usimtie mama yako wasiwasi. Tuliyasema kama yasemwavyo, bila ya kuyapima. Yeye aliyachukua kama amana, akayahifadhi kwa wiki tano juu ya goti lililokatika. Hatukuwa na la kumjibu. Tulimwomba radhi, na sidhani kama alipata kuona mtu mzima wa nyumba yetu akimwomba radhi mtoto. Alitahayari kuliko sisi.

Siku ya tatu alitaka kututembeza. Kutembea taratibu kulikuwa sehemu ya tiba yake: kila asubuhi mtaalamu wa mazoezi alimpa zoezi la kunyoosha goti na kukaza misuli ya paja, kwa kuwa misuli hunywea upesi baada ya upasuaji. Kurudi uwanjani si chini ya miezi 9. Alituhesabia miezi hiyo kwa vidole, mara mbili.

Alitupeleka kwenye jengo la Gevher Nesibe. Huyu alikuwa binti wa kifalme wa Waseljuki, na inasimuliwa kwamba alipokuwa mgonjwa wa kifua asiyetarajiwa kupona, alimuusia ndugu yake, Sultan Giyaseddin Keyhüsrev, ajenge mahali pa kutibia watu. Jengo lilikamilika mwaka 1206: hospitali upande mmoja, madrasa ya utabibu upande wa pili, na baina yao ujia wa kupitia, ili mwanafunzi atoke darasani aingie moja kwa moja kwa mgonjwa. Kaburi linalonasibishwa na binti huyo liko hapo hapo ndani ya madrasa. Siku hizi pote ni makumbusho. Kijana alikaa kwenye kiti ukumbini, mguu ameunyoosha, akasema maneno ambayo hatukuyatarajia: "Yeye aliumwa, akasema."

Hatukuongeza neno.

Ijumaa tulikwenda msikiti wa Hunat, karibu na ngome, uliojengwa mwaka 1238 kwa amri ya mwanamke mwingine, Mahperi Hatun, mke wa Sultan Alaeddin Keykubad. Mlangoni kijana alisita. Tangu apasuliwe alikuwa akisali chumbani kwake, akikaa kwenye kiti tangu takbira hadi salamu, kwa kuona haya kupangwa nyuma na wazee. Tulimweleza kwamba anayeweza kusimama husimama, na kuumwa kwa goti hakumwondolei kisimamo. Rukuu pia aliiweza. Kilichomzuia ni kusujudu na kukunja mguu tu; hapo ndipo akae kitini, aashirie kwa kuinama, na inamo la sijida liwe chini zaidi. Alisali hivyo. Mzee aliyekaa kando yake alimgusa goti kwa kidole baada ya sala, akamwambia "geçmiş olsun", maneno ambayo Waturuki humwambia mgonjwa, maana yake na yapite. Kisha akamwonyesha goti lake mwenyewe, wakacheka wote wawili.

Usiku wa mwisho dada yetu alipiga simu. Kijana alikuwa amejifunika blanketi. Alitutazama, tukanyamaza kimya, kwa kuwa tulikwisha kusema ya kutosha mwaka uliopita. Akafunua mguu, akaiteremsha simu polepole hadi kwenye goti, penye kovu na paja lililokonda kuliko lenzake.

"Sogeza," alisema mama yake. Akasogeza. "Sogeza tena."

Ukapita muda. Kisha tukamsikia akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko jikoni kwake Majengo, kama linamuuma usiku au mchana.

"Usiku, mama," akasema.