Sharubu za Kambare

Upo msemo ulioenea katika Afrika Mashariki, hususan nchini Tanzania, kwamba nyumba fulani ni nyumba ya kambare: baba ana sharubu, mama ana sharubu na watoto nao wana sharubu. Maana yake haifichiki. Sharubu ni alama ya ukubwa na mamlaka. Kwa hivyo nyumba ambamo kila mtu anazo ni nyumba isiyo na mkubwa. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunapokumbana na msemo wa aina hii, aghalabu hukimbilia upande wa binadamu, tukafafanua dhamira na muktadha, na mnyama mwenyewe tukamwacha huko huko majini. Katika makala haya nimekusudia kumtoa.

Ninayo sababu. Mnamo mwaka 2021, baada ya matanga ya baba, jamaa walikaa kuzungumzia shamba letu lililo karibu na Mto Nzoia. Katika shamba hilo lipo bwawa la samaki la mita 300 za mraba, ambalo baba alilichimba wakati wa mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009. Shauri lililoletwa ni kwamba bwawa lifukiwe, ardhi igawanywe. Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka 19, akasimama na kusema halifukiwi. Ami yangu, ambaye aliwahi kufanya kazi Mwanza kwa miaka mingi na Kiswahili chake kina ladha ya huko, akacheka kidogo. "Kumbe hapa ni nyumba ya kambare," akasema. Wazee wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alisema bwawa litabaki maadamu yeye yu hai, kisha akainuka kwenda kuandaa chai.

Tangu siku hiyo msemo ule haukunitoka akilini, na nilipopata likizo nilikwenda kumtazama kambare kwa macho mengine.

Kwanza, jina. Kambare huyu, ambaye Wajaluo humwita mumi, si kamongo, ingawa sokoni huchanganywa. Wanasayansi nao wamewahi kuchanganyikiwa: huku kwetu walimwita Clarias mossambicus na kaskazini mwa Afrika wakamwita Clarias lazera, hadi Guy Teugels alipoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba wote ni samaki mmoja, Clarias gariepinus, aliyekwisha kuelezwa na William Burchell mwaka 1822 na kupewa jina la Mto Gariep wa Afrika Kusini. Wenzangu wa isimu, waliochoshwa na mjadala wa lahaja na lugha, watafarijika kusikia kwamba ugonjwa huo si wetu pekee.

Pili, msemo unasema kweli kuhusu baba na mama. Kila mmoja ana sharubu nane, jozi nne, na huwezi kumtambua dume kwa sharubu zake. Utamtambua kwa kumpindua na kutazama kijinyama kilichochongoka nyuma ya tumbo. Lakini sharubu hizo si pambo, wala si cheo. Zimejaa vionjio kama vya ulimi. Kambare huishi katika maji ya matope na hutafuta chakula usiku. Mahali ambapo macho hayamfai, sharubu ndizo humwonyesha njia.

Ni neno "nyumba" ndilo linalopwaya. Mvua zinapopiga na mito ikafurika, kambare hupanda usiku hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Dume hujikunja kuzunguka kichwa cha jike, jike huachilia mayai, mayai hunata kwenye nyasi, na wazazi wote wawili hurudi majini pao. Hakuna kiota wala mlinzi. Watoto wa kambare hawamjui baba, hawamjui mama.

Bwawani hakuna mafuriko, kwa hivyo jike hupevusha mayai lakini hayaachilii. Hapo ndipo mkono wa binadamu unapohitajika. Ndugu yangu alikuwa amejifunza kazi hiyo kwa mfugaji mmoja wa jirani, na nilimshikia taa usiku mzima. Jike alidungwa sindano ya homoni jioni. Katika maji ya nyuzi 25 hivi husubiriwa takriban saa 11, kisha tumbo lake hukamuliwa taratibu, na mayai ya kijani kibichi yakaelekea hudhurungi hutiririka katika bakuli kavu. Gramu moja huwa na mayai 600 hadi 700. Jike hurudishwa majini akiwa hai.

Dume hakamuliki. Korodani zake zimejificha ndani, na manii hayatoki kwa kumminya. Sharti auawe na kupasuliwa. Ndugu yangu alimpiga kichwani mara moja, akampasua, akazikata korodani na kuyadondosha manii juu ya mayai. Kisha akamimina maji safi, akakoroga kwa unyoya wa kuku. Maji yakishagusa manii, uhai wake ni wa dakika moja hivi. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kusema lolote. Alipomaliza alinawa mikono, akaniambia, bila kunitazama, kwamba hapo ndipo huwa anamkumbuka mzee. Sikumjibu.

Kwenye maji ya nyuzi 28 mayai huanguliwa baada ya siku moja hivi; maji yakiwa baridi zaidi hukawia. Anayetoka humo hana jina zuri katika lugha yetu. Kiluwiluwi ni wa chura na mbu. Kifaranga ni neno la wafugaji, nami nalipenda, lakini hutumika kwake hata akiwa na urefu wa kidole. Huyu wa siku ya kwanza ni kijiuzi chenye urefu wa milimita kadhaa, kinachoburuta kifuko cha kiini cha yai. Sharubu zake ni vichipukizi tu. Hukimbia mwanga, akajibanza na wenzake pembeni penye giza.

Kwa muda wa siku tatu hivi huishi kwa kiini hicho, na katika siku hizo sharubu hurefuka. Kiini kikiisha, huanza kutafuta vijidudu vya majini, naye bado hajawa na tumbo linalofanya kazi kama la mkubwa. Hilo hukamilika siku kadhaa baada ya kuanza kula. Nililisoma jambo hili, nikalisoma tena. Mtoto wa kambare huota sharubu kabla ya tumbo lake kukomaa, kwa kuwa hakuna mtu wa kumwonyesha chakula kilipo. Ami yangu alizitaja sharubu kama ufidhuli. Mimi naona alitaja uyatima, ingawa hakukusudia.

Sitaki kumpamba mnyama. Vifaranga hawa hulana. Aliyewazidi wenzake kidogo humkamata mdogo kwa mkia, na akishakua vya kutosha humbugia mzima. Dawa ni kuwalisha vya kutosha na kuwatenga kwa ukubwa mara kwa mara, na kazi hiyo huwezi kuiahirisha. Mama ndiye aliyeishika. Hukaa na mabeseni matatu, kubwa, la kati na dogo, akiwahesabu mia kwa mia bila kuandika.

Baada ya wiki mbili tatu kiungo cha kupumulia hewa, kinachofanana na kijiti chenye matawi juu ya matamvua, huanza kufanya kazi, na kambare wadogo huonekana wakipanda juu kuvuta pumzi. Kundi letu la kwanza halikufika mezani pa mtu. Lilinunuliwa na wavuvi wa ziwani, ambao huwatumia kambare wadogo kuwa chambo cha kumnasa mbuta. Pesa zilipoletwa, mama alimtuma ndugu yangu kwa ami na sehemu yake, kama desturi inavyotaka. Ami alizipokea, akauliza kundi la pili litakuwa tayari lini.