Mwaka wa Kwanza, Katwe

Kwa desturi za kwetu Tanga, mtoto mchanga huhesabiwa siku, hahesabiwi miaka. Siku ya saba hupewa jina na kufanyiwa akika. Siku ya arobaini yeye na mama yake hutoka nje. Na baada ya hapo huachiwa akue kwa amani bila ya kufuatwafuatwa na kalenda. Keki na mshumaa ni mambo tuliyoyapokea kwa wageni, na sisi wenyewe tulipokuwa chuoni tukisomea ualimu tuliyacheka sana. Lakini mtu hucheka mpaka apate mtoto. Mwanetu wa kwanza alipokaribia kutimiza mwaka, katika likizo ya Desemba, tulijikuta tukiulizana kwa sauti ya chini siku hiyo tutaifanyia wapi.

Dada yetu mkubwa ameolewa Kampala, katika mtaa wa Katwe, na kwa miaka mingi alikuwa akitulaumu kwamba hatumjui mumewe ila kwa picha. Basi tukafunga safari kutoka Mwanza, tunakofundisha, tukapitia Bukoba. Huko Kyaka tuliuvuka mto Kagera mtoto amelala fofofo, mahali ambapo daraja la zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Tukapita mpaka wa Mutukula, tukapita Masaka, na pale Kayabwe tukavuka mstari wa Ikweta. Mtoto akaamka, akalia kidogo, akalala tena.

Wasomaji wengine watakuwa wamelisikia jina la Katwe kwa sababu ya filamu ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, juu ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa huo aliyeinukia katika mchezo wa sataranji. Wazee wanaukumbuka mtaa huu kwa magazeti ya Kiganda yaliyochapwa humo zamani za kudai uhuru. Sisi tuliujua kwanza kwa masikio. Katwe ni mtaa wa nyundo. Uko karibu na kilima cha Mengo, penye kasri ya Kabaka, na kutwa nzima mafundi wake hugonga bati: majiko ya mkaa, mageti, sufuria, na hasa masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni, ambayo mwishoni mwa mwaka hupangwa mbele ya karakana, mekundu na ya buluu, yakingoja shule zifunguliwe. Shemeji yetu ni fundi wa masanduku hayo. Nyumba yake iko nyuma ya karakana, na mtoto wetu, aliyezoea ukimya wa nyumba za walimu, alilala mchana katikati ya kelele zile kama aliyezaliwa nazo.

Katika nyumba ile alikuwamo mama yake shemeji, ambaye kila mtu humwita Jjajja, yaani bibi. Alitupokea kwa “Mukulikeyo,” ndiyo pole ya safari kwa Kiganda, akampakata mtoto, na swali lake la kwanza, kwa ukalimani wa dada, lilikuwa: kitovu chake kiko wapi? Tukasema tumekizika nyumbani kwa wazee. Jjajja akasikitika. Kwa Waganda mama hukihifadhi kile kipande cha kitovu kilichokauka, na siku ya kuwatambulisha watoto katika ukoo kila kitovu hutumbukizwa katika chombo chenye maji. Kikielea, mtoto ni wa ukoo. Sisi husema mtu kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake, nao hukitunza wakitoe siku ya ushahidi. Tuliongea habari hiyo mpaka usiku. Hata hivyo tuliona jambo moja: Jjajja aliongea nasi kwa Kiganda tu, na dada alipotufasiria, yeye alikuwa ametikisa kichwa tayari, kama mtu aliyekwisha kuelewa.

Siku yenyewe tuliandaa meza uani. Palikuwa na matoke yaliyopikwa ndani ya majani ya mgomba, mchuzi wa karanga, pilau ya dada, na keki yenye mshumaa mmoja. Wakati wa kupanga vyombo tukazua mchezo ambao walimu wa lugha pekee wanaweza kuuona kuwa ni mchezo. Kila kilichowekwa mezani tuliwauliza watoto wa nyumba ile kinaitwaje. Meza yenyewe ni emmeeza. Sahani ni essowaani, kijiko ni ekijiiko, kikombe ni ekikopo, sukari ni ssukaali, na dirisha tulilopitishia vyombo ni eddirisa. Mjukuu ni muzzukulu, na mwaka ni omwaka, lakini hayo mawili si ya kukopa. Ni ya babu mmoja wa Kibantu. Tulifurahi kupita kiasi. Tuliambiana kwamba Kiswahili kimetutangulia Katwe, kimekaa mezani kabla yetu, na tukaanza hata kutunga vichwani makala ya jarida hili. Makala hiyo ingekuwa mbaya.

Mshumaa ulizimwa na upepo kabla ya mtoto kuuona vizuri. Shemeji akatoa zawadi yake: sanduku dogo la bati, la buluu, lenye komeo na jina la mtoto limeandikwa kwa rangi nyeupe. Mtoto akalisotea, akashika ukingo wake, akajiinua. Kisha, mbele ya macho yetu, akaachia mikono. Sisi wawili, kwa furaha, tukapaza sauti kwa pamoja: “Simama! Simama!”

Mkono wa Jjajja, uliokuwa ukipakua, ulisita hewani. Akaweka upawa chini, akainuka, akaingia ndani.

Dada alitueleza baadaye, akiosha vyombo, bila ya kututazama. Mwaka 1977 Jjajja alikuwa amepanda gari pamoja na kaka yake wakirudi Kampala. Penye kizuizi cha barabarani watu wenye bunduki walipiga kelele neno hilo hilo, mara mbili, kwa sauti hiyo hiyo ya kuamrisha. Kaka yake alishushwa, na hakuonekana tena. Neno la pili alilolijua lilikuwa “lala chini,” na la tatu “toa pesa.” Hicho ndicho Kiswahili chake chote, na alikijua vizuri mno.

Tulikuwa tumeyasoma haya vitabuni. Tulijua kwamba wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda na lugha yetu tangu miaka ya 1840. Kwamba Kabaka Daudi Chwa alikipinga Kiswahili mwaka 1929. Kwamba kilikuwa lugha ya jeshi la mkoloni, na kwamba Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Tulijua pia, na tulipenda kulisimulia darasani, kwamba askari wa Tanzania walipoingia Kampala mwaka 1979 waliitwa Bakomboozi, wakombozi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe katika shule zote. Hatukuwa tumefikiri kwamba kati ya tarehe hizo pana mwanamke anayepakua matoke.

Ilikuwa jioni Jjajja alipotoka. Hatukujua la kusema. Tungeomba radhi kwa lugha gani? Mtoto alikuwa amelirudia sanduku lake. Alipoachia mikono tuliuma midomo, lakini mama yake, kwa mazoea, akaponyokwa na neno dogo: “Dede! Dede!”

Jjajja akamgeukia dada. “Dede kye ki?” Ni kitu gani?

Dada akamwambia ndivyo tunavyomtia moyo mtoto anapojaribu kusimama peke yake. Jjajja akalitamka taratibu, akalitamka tena. Kisha akasema jambo ambalo dada alicheka kabla ya kulifasiri: kwamba hilo askari hawakuwa nalo.

Usiku ule akataka mengine. Akianza kutembea mnasemaje? Tukasema, anakwenda tete. Akianguka? Pole. Hilo alilijua, akalikunjia uso, akataka yale mawili tu. Siku mbili zilizobaki alikuwa akikaa kwenye mkeka karibu na karakana, nyundo zikigonga, akimsimamisha mtoto na kumwachia: “Dede, muzzukulu wange!” Naye mtoto husimama, huhesabu pumzi tatu, huketi.

Tuliondoka alfajiri, sanduku la buluu limefungwa juu ya basi. Waganda humwaga msafiri kwa kumwambia aende vizuri, “mugende bulungi.” Jjajja alitushika mikono wote, mmoja mmoja, na mtoto mwishoni.

“Mugende tete,” akatuambia.