Ziwa Tshangalele: tulifuata samaki, tukarudi na maswali



Wiki iliyopita tulitoka Lubumbashi alfajiri, wamama saba na vikapu vyetu. Tulishika njia ya Likasi, karibu kilomita 120, kisha tukaingia ya vumbi jekundu mpaka nyusi zikabadilika rangi. Tulitaka kuona kwa macho yetu ziwa ambalo samaki wake tunawapikia watoto.

Tshangalele si ziwa la asili. Mwaka 1930 ukuta ulikamilika Mwadingusha, juu ya maporomoko ya mto Lufira, ili umeme upatikane kwa kazi ya shaba. Maji yakarudi nyuma, yakafunika bonde. Ziwa ni pana lakini si refu kwenda chini: mzee aliyetupakia katika mtumbwi wake alisukuma kwa mti mrefu, na mti uligusa tope karibu kila mahali. Pembeni ni mafunjo na ndege. Tangu 1982 UNESCO inahesabu bonde la Lufira kati ya hifadhi zake za biosfera.

“Mto unatembea, ziwa linalala,” mzee alituambia. Neno hilo linaeleza mengi. Maji yanayokimbia hubeba uchafu kwenda mbele. Yakisimamishwa na ukuta, uchafu unashuka na kukaa chini. Majani yaliyofunikwa yanaoza na kula hewa ambayo samaki wanaihitaji. Samaki wa maji ya mbio wanapungua. Tilapia na kambale, wanaopenda maji yaliyotulia, wanaongezeka. Konokono wa bilharzia na mbu nao wanapenda maji hayo.

Lakini hapa kwetu kuna jambo zito zaidi. Mto Panda unapita Likasi, penye viwanda vya shaba vya tangu zamani, na maji yake yanaelekea kwenye ziwa hili. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamepima bonde hili wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadimi mpaka ndani ya mimea na samaki. Tope la ziwa linatunza madini hayo miaka mingi. Risasi inaumiza ubongo wa mtoto mdogo, na wa yule aliye bado tumboni.

Tukamuuliza mama mmoja anayeuza samaki ufukweni kama anaogopa. Akacheka kidogo: “Mama, nikiwaacha hawa, watoto watakula bukari na nini?”

Hatukuwa na jibu. Tulinunua kwake.

Basi, wamama, hatusemi tuache samaki. Tunasema hivi: tuondoe matumbo, maini na matamvua, maana madini hujikusanya huko kuliko katika nyama. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi madini, wala katika samaki wala katika maji ya kunywa. Tubadilishe mboga: leo samaki, kesho maharagwe, kesho kutwa sombe. Mwenye mimba na watoto wadogo tuwaangalie zaidi.

Na tusinyamaze. Mkutano ujao tuandike pamoja barua kwa wakubwa wa afya wa mkoa, tuombe samaki wa masokoni wapimwe, na majibu yasomwe mbele yetu kwa Kiswahili. Kila mama aje na jirani yake mmoja.