Rubani wa Magunia

Posa ya mpwa wangu ilirudishwa kwa sababu ya magunia. Tulikwenda kwa heshima zote, tukakaribishwa kahawa na haluwa, na tulipoulizwa kijana anafanya kazi gani tukasema kwa fahari kwamba ni rubani. Mzee wa nyumba akafurahi. Akataka kujua anarusha ndege gani, ya kwenda wapi, na hupakia watu wa aina gani. Ami wa kijana, mtu asiyejua kuficha neno, akajibu, "Hapakii watu, shehe. Hupakia magunia."

Mzee akazungusha kikombe chake. "Kumbe ni dereva wa lori," akasema, "ila lori lenyewe likizimika halina pa kuegesha."

Jibu likaja baada ya siku chache, tena kwa adabu: binti bado anasoma. Ilikuwa mwaka 2015. Kijana mwenyewe alicheka. Mie niliyekuwa karani wa mizigo katika kiwanja cha ndege cha Kisauni, Zanzibar, tangu katikati ya miaka ya 1990, ndiye niliyeumia, kwa sababu nakumbuka wakati ambapo hakuna mtu kwetu Fumba angesema maneno yale.

Utotoni mwetu rubani alikuwa rubani, basi. Ndege zitokazo Dar es Salaam hupita karibu na rasi yetu zikishuka, na sisi tuliokuwa pwani tukisubiri mashua tulizipungia mkono zote, kubwa na ndogo. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikwisha vunjika mwaka 1977 na Air Tanzania ikazaliwa mwaka ule ule. Ndege zilikuwa chache, na heshima ya rubani ilitokana na uchache huo. Kisha biashara ikafunguliwa. Coastal ilikuwa imeanza 1987, ZanAir ikaja 1992, Precision nayo mwanzoni mwa muongo huo huo, na wengine wadogo wadogo waliokuja na kupotea bila kuacha hata bango. Ghafla kukawa na marubani wa kutosha kuwapanga madaraja.

Katika kampuni ndogo niliyoitumikia, asubuhi ndege ilichukua watalii na jioni viti viling'olewa, sakafu ikatandikwa turubai, yakaingia makasha ya pweza na kamba. Mwishowe ndege moja ikaachwa bila viti kabisa. Ndege nyingi za kampuni hizi ndogo ni Cessna Caravan, na mambo yake yananichekesha hadi leo: iliruka mara ya kwanza Disemba 1982, na mteja mkubwa wa mwanzo alikuwa Federal Express ya Marekani, iliyotaka chombo cha kukusanya vifurushi kutoka miji midogo. Mtalii anayepiga picha Kisiwa cha Changuu dirishani, akijiona yumo katika ndege ya kifahari, amekalia pahala pa kifurushi.

Rubani niliyemheshimu kuliko wote alikuwa mtu mzima kutoka Kenya, mwenye kitambi na kandambili alizozibadilisha kwa viatu dakika ya mwisho. Aliweka kigogo chini ya mkia wa ndege kabla hatujapakia, isije ikainama kwa nyuma. Kisha alisimama kando ya mizani yangu. Mwenye mzigo ameandika kilo 40, mizani inasema 52, maana barafu nayo ina uzito na maji yake huvujia ndani ya boksi. Hakugombana. Alinyoosha kidole, boksi likashuka. Baada ya hapo alikwenda chini ya bawa, akakinga mafuta kidogo katika kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, akakiinua juani kutazama kama kuna tone la maji limekaa chini. Alifanya hivyo hata siku ambazo bosi alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa. Abiria hawakuwapo wa kumwona, na pweza hawana simu ya kulalamikia.

Kazi hiyo ilikuwa ngazi, na kila mtu aliijua hivyo. Kijana humaliza chuo na leseni ya biashara akiwa na saa 200 hivi za kuruka. Kampuni za abiria humwambia arudi akizidisha. Leseni ya juu kabisa, ya unahodha wa ndege kubwa, hudai saa 1,500. Katikati ya namba hizo mbili kuna bonde, na daraja la bonde hilo ni mizigo. Marekani mambo ni hayo hayo: baada ya ajali ya ndege ya Buffalo ya Februari 2009 sheria yao ikataka hata rubani msaidizi wa mashirika ya ndege awe na saa 1,500, na vijana wengi wakawa wanazikusanya kwa kufundisha wanafunzi au kurusha vifurushi usiku. Tofauti ni kwamba kule mshahara wa daraja hufika mwisho wa mwezi. Kwetu nimewaona marubani wakilipwa nusu, wakiahidiwa nusu, na wakiambiwa kwamba saa wanazopata ndiyo malipo yenyewe.

Sifa mbaya, hata hivyo, haikutoka kwetu. Ilitoka Mwanza na Goma, Kongo. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, juu ya minofu ya sangara na ndege kubwa za Ilyushin zilizokuja kuichukua kupeleka Ulaya. Rais Kikwete aliilaumu hadharani mwaka 2006. Lakini picha ya rubani wa mizigo ilikwisha kuingia vichwani: mgeni aliyechoka, ndege kuukuu, shehena isiyoulizwa. Machi 2005 Ilyushin moja ilianguka ziwani ikitoka Mwanza na watu wanane wakafa. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukatoa orodha yake ya kwanza ya mashirika yaliyopigwa marufuku, na ya Kongo yalikuwamo. Mtu wa Fumba asiyejua tofauti ya Ilyushin na Caravan aliyasikia yote hayo redioni na kuyaweka kapu moja.

Ndipo mpwa wangu akataka kuwa rubani. Dada yangu na mumewe waliuza kiwanja kulipa ada ya chuo Nairobi. Kisheria ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, basi tuseme waliuza minazi, na mnunuzi akachukua na udongo ulio chini yake. Ilikuwa kabla mji mpya wa Fumba Town haujaanza kuota kwenye mawe yetu. Kwa bei za leo kiwanja kile kingesomesha marubani wanne na fundi wao.

Alirudi na leseni, akakaa nyumbani akisaidia mashua za watalii wanaokwenda Kwale, hadi kampuni ndogo ya mizigo ya Nairobi ilipomchukua. Alirusha miraa kwenda Mogadishu. Miraa ikichelewa hunyauka na bei hunyauka nayo, kwa hiyo marubani wake walisifiwa kwa kasi na kuogopwa kwa hiyo hiyo. Nchini Kenya ni zao halali, kwetu Tanzania ni dawa ya kulevya. Dada yangu akiulizwa na majirani alisema, "Mwanangu huchukua mboga." Julai 2014 Fokker 50 yenye shehena kama hiyo ilianguka Nairobi baada tu ya kuruka, wote wanne wakafa. Haikuwa ya kampuni yake. Dada alipiga simu mpaka salio likaisha, na mwaka uliofuata, tulipokwenda posa, mzee yule naye alikuwa amesikia habari hizo. Simlaumu sana.

Kilichogeuza mambo ni corona. Machi 2020 Somalia ilizuia ndege za miraa, na tukadhani kijana amekwisha. Wiki chache baadaye yeye alikuwa angani na madawa na barakoa, huku marubani wa abiria wakiwa nyumbani bila mishahara. Hatari haikuondoka: Mei mwaka ule ndege ya mizigo ya Kenya ilitunguliwa Bardale, Somalia, ikiwa na vifaa vya tiba, na watu sita wakafa. Lakini simu zilianza kugeuka. Manahodha wa ndege kubwa, waliokuwa hawamwitikii salamu Nairobi, walimuuliza kama kuna nafasi. Kenya Airways ikang'oa viti vya Dreamliner ipakie mizigo, na mie nikakumbuka turubai letu la Kisauni.

Juni 2023 Air Tanzania ikapokea Boeing 767 ya mizigo tu, yenye uwezo wa tani 54. Ilionyeshwa kwenye televisheni kwa ngoma na hotuba. Siku hiyo watu wa barazani Fumba waliniuliza kama mpwa wangu ndiye aliyeileta. Siye. Ila leseni ya juu anayo sasa, na mke anaye, muuguzi wa Mombasa ambaye kwao hawakuuliza habari za magunia.

Siku hizi wazazi humfuata kwa ushauri akija likizo. Juzi alikuja baba mmoja wa Bweleo na bintiye, aliyemaliza skuli na anayetaka kuruka. Kijana hakuwasimulia mawingu. Aliwaambia waulize kampuni hulipa tarehe ngapi, ndege hutengenezwa na nani, na nani mwenye neno la mwisho juu ya uzito.

"Akikataa mzigo, wanamfukuza?" akauliza baba.

"Wengine hufukuzwa, mzee wangu. Mimi niliwahi kufukuzwa."

Binti aliyekuwa kimya muda wote akauliza ni nani anayesaini kwamba ndege iko sawa kabla haijatoka. Akaambiwa ni fundi. Akaomba aelezwe habari za ufundi wa ndege pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na baba yake akauliza, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa furushi, kama ada yake nayo inahitaji kiwanja.